Bungoma, 8 Agosti 2013: Pamba Hii Ilikuwa ya Nani?

Tarehe 9 Agosti 2013 ndiyo tarehe iliyo kwenye notisi za kisheria zilizokabidhi kaunti za Kenya majukumu yao ya Jedwali la Nne la Katiba, afya ikiwemo. Siku moja kabla yake, tarehe 8, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma. Ni sadfa tu. Lakini kila nikirudi kwenye kesi yake naanzia hapo, kwa sababu pengo hilo la siku moja limebeba swali zima: mwananchi akiumizwa na hospitali ya umma, anamdai nani? Serikali kuu ya Nairobi iliyokuwa ikifungasha virago, au kaunti iliyokuwa bado inafungua masanduku?

Mahakama ilimficha mama huyu jina, ikamwita J.O.O. Nami nitamwita hivyo hivyo, ingawa wakati ule jina lake na uso wake vilikuwa vimezagaa kila mahali, tena bila yeye kuombwa ruhusa. Hilo nalo ni kosa, ila kesi haikuwa juu yake.

Kwa maelezo aliyoyapeleka mahakamani, alifika hospitalini na uchungu. Akaambiwa anunue dawa ya kuanzisha uchungu, na pamba ya kujifungulia. Vitanda vilikuwa haba, akalala kitanda kimoja na mgonjwa mwenzake. Akaelekezwa kwamba uchungu ukikaza, aende leba mwenyewe kwa miguu. Ulipokaza akaenda, akakuta vitanda vyote vya leba vina watu. Akageuza. Hakufika alikotoka: alianguka njiani, akazirai, na mtoto akazaliwa pale pale sakafuni. Alipozinduka, wauguzi wawili walikuwa wakimfokea kwa kuchafua sakafu na kumpiga makofi. Kisha akaamrishwa ainuke, arudi leba kwa miguu yake, huku kondo la nyuma amelibeba mwenyewe.

Tukio lilirekodiwa kwa video, na picha zikarushwa kwenye runinga. Nchi ikachemka kwa siku kadhaa. Hasira yote, kama ilivyo desturi yetu, ikawaangukia wale wauguzi wawili. Wafutwe, wanyang'anywe leseni, wafungwe. Sisemi hawakustahili. Mtu anayempiga makofi mzazi aliyezirai hana pa kujificha, na uchache wa vitanda hauamrishi mkono wa mtu kupiga. Lakini angalia orodha ya yaliyompata J.O.O. kabla ya kofi la kwanza: dawa alinunua, pamba alinunua, kitanda alichangia, leba alikwenda peke yake, nafasi hakupata. Kufikia hapo hakuna muuguzi aliyekuwa ameinua mkono. Hayo matano yana mwenyewe, na si muuguzi wa zamu.

Siku 68 za ahadi

Rudi nyuma kidogo. Tarehe 1 Juni 2013, sikukuu ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta, akiwa na miezi isiyofika miwili madarakani, alitangaza kwamba huduma za kujifungua katika hospitali zote za umma zingekuwa bila malipo, na kwamba agizo linaanza siku hiyo hiyo. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008–09 ulionyesha vifo 488 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, na ni asilimia 43 tu ya watoto waliokuwa wakizaliwa katika vituo vya afya. Ada ilikuwa mojawapo ya vizingiti. Kuiondoa lilikuwa jambo la haki.

Tatizo ni namna ilivyoondolewa. Kabla ya Juni, mama alilipa kwenye dirisha la hospitali, na pesa ile, hata ikiwa kidogo, ilinunua glavu, uzi, dawa na pamba wiki hiyo hiyo. Baada ya agizo, dirisha likafungwa. Badala yake serikali kuu iliahidi kukirudishia kituo gharama: shilingi 2,500 kwa kila mama aliyejifungulia zahanati au kituo cha afya, na shilingi 5,000 kwa aliyejifungulia hospitali. Neno la kuangalia hapo ni "kukirudishia". Hospitali ihudumie kwanza, ihesabu, iandike, itume madai, ingoje. Yule aliyezoea kununua pamba kwa pesa ya jana sasa aliambiwa anunue kwa pesa ya miezi ijayo. Duka la jumla la dawa haliuzi kwa hotuba ya Madaraka.

Wakati huo huo wateja waliongezeka. Utafiti wa 2014 ulikuta asilimia 61 ya watoto wamezaliwa vituoni. Si haki kulipa agizo sifa zote za ongezeko hilo, kwa kuwa utafiti ule ulihesabu vizazi vya miaka mitano nyuma, na vingi vilitangulia agizo. Hata hivyo, wodi za wazazi zilijaa, na aliyefanya kazi humo mwaka ule atakuambia zilijaa ndani ya wiki chache, wala si ndani ya mwaka. Vitanda havikuongezwa tarehe 1 Juni. Wakunga hawakuajiriwa tarehe 1 Juni. Kilichobadilika siku ile ni bei, na bei ikishuka foleni hurefuka.

Kutoka Juni 1 hadi Agosti 8 ni siku 68. Kwa hiyo J.O.O. alipoambiwa akanunue pamba, agizo la Rais lilikuwa linasema pamba ile imeshalipiwa. Hapa ndipo kesi yake inapoachana na malalamiko ya kawaida kwamba "hospitali zetu ni maskini". Yeye hakuwa anaomba nchi imjengee kitu ambacho haijawahi kukitaja. Alikuwa anadai kitu alichokwisha kuambiwa ni chake.

Safari ya lawama kutoka wodini kwenda juu

Ombi namba 5 la 2014 lilifunguliwa katika Mahakama Kuu ya Bungoma, kwa msaada wa mawakili wa haki za uzazi. Halikuwashtaki wauguzi peke yao. Lilitaja hospitali, serikali ya kaunti, Waziri wa Afya na Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya serikali ya kitaifa. Mkakati huo ndio uliofanya kesi iwe na uzito. Wangeshtakiwa wauguzi tu, tungebaki na hadithi ya watu wawili wabaya.

Hoja ilisimama juu ya vifungu vichache vya Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinataja afya ya uzazi kwa jina. Cha 28 kinalinda utu. Cha 29 kinakataza kumtendea mtu kikatili au kwa kumdhalilisha.

Halafu kuna kifungu cha 20(5), ambacho ningependa kila anayefuatilia bajeti ya kaunti yake akijue kwa moyo. Kinasema hivi: serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki kama ya afya, ni juu ya serikali yenyewe kuonyesha kwamba rasilimali hizo hazipo. Mgonjwa hatakiwi kuthibitisha kuwa pesa zilikuwepo. Serikali ndiyo itoe vitabu. Kwa miaka mingi jibu la "hatuna bajeti" lilikuwa ukuta. Kifungu hiki kimeligeuza kuwa deni la ushahidi. Ajabu ni kwamba hata leo viongozi hulitamka jibu hilo mbele ya kamera kana kwamba limemaliza mjadala, na waandishi wetu, Mungu awasamehe, huandika na kuondoka.

Tarehe 22 Machi 2018, Jaji Abida Ali-Aroni alitoa hukumu. Alikubali kwamba J.O.O. alitendewa kwa namna iliyovunja utu wake na iliyokuwa ya kikatili na ya kudhalilisha. Hilo lilitarajiwa, kwani video ilikuwepo. Jambo kubwa ni kwamba hakuishia hapo. Alisema serikali ya kitaifa na ya kaunti zote mbili zilishindwa: hazikutenga rasilimali za kutosha, hazikutekeleza miongozo ya huduma, wala hazikusimamia viwango vya ile huduma ya uzazi iliyotangazwa kuwa bure. Mama akalipwe fidia ya shilingi milioni 2.5, na aombwe msamaha rasmi.

Soma tena neno "kusimamia". Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa jipya katika hukumu nzima. Kushindwa kutenga pesa ni kosa linaloweza kupewa visingizio elfu. Kushindwa kusimamia halina kisingizio cha umaskini. Kuhesabu ni mara ngapi leba imejaa kupita kiasi, ni siku ngapi stoo imekaa bila pamba, ni akina mama wangapi wametumwa dukani, hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kunahitaji daftari, na mtu ambaye kazi yake ni kulisoma. Serikali inayotangaza huduma bure bila kuweka mtu wa kuuliza "je, imekuwa bure?" imechagua kutojua.

Na suala la siku ile moja, kati ya tarehe 8 na 9? Jedwali la Nne linagawa kazi hivi: sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu, vituo na hospitali za kaunti ni za kaunti. Kwenye karatasi mgawanyo ni safi. Wodini, sera ya kujifungua bure ni ya Nairobi, pesa za kurudisha gharama ni za Nairobi, hospitali ni ya kaunti, na muuguzi aliyeajiriwa na mmoja anaamka asubuhi akiwa mtumishi wa mwingine. Mazingira kama hayo ni bustani ya kurushiana lawama. Mahakama ilikata kamba kwa kuzishika zote mbili. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, lakini safari hii nyasi zilikwenda kortini na fahali wote wakaitwa.

Kilichokosekana kwenye amri

Sasa nije kwenye sehemu inayonikera. Hukumu iliona vizuri ugonjwa ulipo: rasilimali, utekelezaji, usimamizi. Dawa iliyotolewa ilikuwa fidia kwa mtu mmoja, tamko, na msamaha. Milioni 2.5 si kidogo kwa familia moja ya Bungoma. Kwa bajeti ya afya ya kaunti ni vumbi. Gavana yeyote anayepiga hesabu kwa ukatili angeona ni nafuu kulipa J.O.O. mmoja kila miaka minne kuliko kuongeza vitanda vya leba.

Kulipwa kwenyewe si jambo la kuchukuliwa kirahisi. Ukishinda kesi dhidi ya mtu wa kawaida na akagoma kulipa, unamtuma dalali akachukue gari. Serikali haichukuliwi gari. Sheria ya kesi dhidi ya serikali, kifungu cha 21, inazuia kukamata mali yake; mshindi anatakiwa achukue cheti cha amri kutoka mahakamani, akipeleke kwa afisa husika, na asipolipwa arudi kuomba amri ya kumlazimisha afisa huyo, na akikaidi, arudi tena kwa kudharau mahakama. Kila hatua ni wakili, nauli na miezi. Anayesema Wakenya wapeleke malalamiko yao kortini badala ya mitandaoni ajue anawatuma safari ya namna gani.

Kulikuwa na njia nyingine. Kifungu cha 23 kinairuhusu mahakama kutoa nafuu yoyote inayofaa, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell iliyohusu watu waliobomolewa nyumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ilithibitisha kwamba majaji wanaweza kutoa amri za kimuundo, yaani amri ambazo mahakama inabaki nazo mkononi, ikimtaka mshtakiwa arudi na ripoti mpaka jambo litimie. Uamuzi huo ulikuja karibu miaka mitatu baada ya wa Bungoma, kwa hiyo si haki kumlaumu jaji kwa kutotumia ufunguo uliokuwa bado unabishaniwa. Ila hebu fikiria ufunguo huo ungefanya nini. Kila miezi mitatu kaunti ingelazimika kuwasilisha karatasi moja: waliojifungua, vitanda vya leba vilivyopo, wakunga kwa kila zamu, siku ambazo dawa ya kuzuia damu, glavu na pamba zilikosekana, na madai yaliyotumwa Nairobi na yaliyolipwa. Mwaka mmoja wa karatasi hizo ungeumbua zaidi ya video yoyote.

Badala yake, hukumu ilitua katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inapumua. Madaktari walikuwa wamegoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi wakafuata, miezi mitano, kuanzia Juni 2017. Mama aliyefika hospitali ya umma katika vipindi hivyo hakupigwa na mtu, kwa sababu hakukuwa na mtu. Hiyo nayo ni aina ya huduma bure.

Ushahidi ulitoka wapi?

Swali hili huulizwa mara chache, na mimi naliona zito kuliko la fidia. J.O.O. alishinda kwa sababu kulikuwa na picha. Toa video ile, ubaki na neno la mama mmoja dhidi ya neno la taasisi yenye mafaili, mihuri na mawakili wa kulipwa na umma. Hata akiwa na video hiyo, ilichukua miaka minne na miezi saba kutoka sakafuni hadi hukumuni. Mtoto aliyezaliwa pale alikuwa karibu kuanza shule.

Linganisha na kesi ya Pumwani. Mwaka 2010 akina mama wawili walizuiliwa katika hospitali ile ya Nairobi kwa kushindwa kulipa bili, na mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kuwa kuzuiliwa kwao kulivunja haki zao. Kule, kosa lilikuwa na karatasi: bili iliandikwa na hospitali yenyewe, na tarehe za kuingia na kutoka zilikuwa kwenye kumbukumbu zake. Bungoma, aliyetumwa pamba hakuandikiwa popote kwamba ametumwa. Kukosekana kwa dawa ni kosa lisiloacha alama. Stoo tupu haitoi risiti.

Ndiyo maana mabadiliko ya majina ya mifumo hayanipi usingizi mzuri. Kuanzia 2016 mpango wa kujifungua bure ulihamishiwa bima ya taifa ya afya, NHIF, ukaitwa Linda Mama. Mwaka 2023 sheria mpya iliruhusu hospitali za umma kubaki na pesa wanazokusanya, jambo jema, kwa kuwa kwa miaka mingi, katika kaunti nyingi, pesa hizo zilikuwa zikimezwa na mfuko mkuu wa kaunti, na msimamizi wa hospitali akaombaombe makao makuu apate ya kununulia sabuni. Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, ikaja SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kila awamu ina nembo, uzinduzi na wimbo. Lakini mama akiambiwa leo "nenda ununue pamba", anuani za lawama zimeongezeka: SHA haijalipa, kaunti haijapeleka, KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, linadai, hospitali haina. Bungoma ya 2013 ilikuwa na milango miwili ya kubisha. Sasa ipo minne, na kila mlango una mlinzi anayekuelekeza wa jirani.

Kwa hiyo kama una mtu wodini na ametumwa dukani, fanya jambo dogo linalochosha. Omba kilichoagizwa kiandikwe, hata kwenye kipande cha karatasi. Wakikataa, kiandike mwenyewe: tarehe, saa, zamu. Nunua, maana mgonjwa hangoji Katiba. Duka lile lililo mkabala na geti la hospitali, ambalo huwa na kila kinachokosekana ndani, lidai risiti yenye tarehe. Kisha, mgonjwa akishatoka, iandikie hospitali barua kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ukiomba kadi ya stoo ya kitu hicho kwa siku hiyo: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Kadi ikisema siku ile kulikuwa na pamba, aliyekutuma dukani ana la kueleza. Ikisema haikuwepo, swali linapanda ngazi moja, kwa aliyepaswa kuileta, na kifungu cha 20(5) kinapanda nalo.